Vumbi jekundu la Taranto: kiwanda kilifikaje mlangoni mwa watu, na mbona hakifungiki?

Swali: Mimi ni baharia wa Mombasa, nafanya kazi kwenye meli ya shehena kavu. Tumeshusha madini ya chuma Taranto, kusini mwa Italia. Nyuma ya gati nikaona magodauni makubwa ajabu, na nilipotoka kwenda mjini nikapita mtaa ambao kuta, kingo za barabara na hata makaburi ni mekundu. Wenyeji wanasema ni kiwanda. Kwa nini kiliwekwa pale, ubavuni mwa nyumba? Kama kinadhuru, si wakifunge tu? Na kome wanaouzwa pale, wanalika?

Jibu:

Ndugu baharia, mtaa uliopita unaitwa Tamburi, na wekundu uliouona ni madini yaleyale mliyokuwa mkishusha. Kwa zaidi ya miaka hamsini yalirundikwa wazi, vilima kwa vilima, karibu na madirisha ya watu. Magodauni hayo yalijengwa kuanzia 2018 ili kuyafunika. Moja lina urefu wa kama mita 700, upana wa zaidi ya mita 250 na kimo cha kama mita 80. Yamesaidia, hilo halina ubishi. Lakini yamefunika uchafu unaoonekana, na katika kiwanda cha chuma uchafu unaoonekana ndio wenye nafuu. Ule wa hatari zaidi hauna rangi, na kila hatua ya kazi ina wa kwake, na kila mmoja una dawa yake. Watu wa Taranto wamebishana miongo kadhaa kuhusu "moshi" kana kwamba ni kitu kimoja, na wanaokiendesha kiwanda wamefaidika sana na mkanganyiko huo.

Kwanza mahali penyewe. Taranto ina bahari mbili. Mar Grande ni ghuba ya nje, mlikotia nanga. Mar Piccolo ni ya ndani, imegawanyika hori mbili, na kati ya bahari hizo mji wa kale umekaa kisiwani, umeungwa na mji mpya kwa daraja linalofunguka kupisha meli, la mwaka 1887, lililojengwa upya 1958. Wagiriki wa Sparta walikaa pale karne ya 8 kabla ya Kristo, wakatajirika kwa sufu na kwa rangi ya zambarau iliyokamuliwa kutoka konokono wa baharini. Warumi wakautwaa mji mwaka 272 KK. Hayo nayapita mbio, kwa sababu Taranto unayoiona leo ni kazi ya jeshi la majini.

Italia ilipoungana ilitaka kituo cha manowari kusini. Sheria ilipitishwa 1882, na 1889 karakana kuu ya jeshi, Arsenale, ikafunguliwa ukingoni mwa Mar Piccolo. Wavuvi na wakulima wakageuka mafundi wa chuma wenye mshahara wa serikali, na mji ukawa na mwajiri mmoja aliyekaa Roma. Mwajiri wa namna hiyo akinuna, mji mzima unalala njaa. Usiku wa 11 kuamkia 12 Novemba 1940, ndege 21 za Waingereza zilizoruka kutoka meli Illustrious zilizipiga manowari tatu, Littorio, Conte di Cavour na Caio Duilio, zikiwa zimetia nanga humo humo Mar Grande. Vita vilipokwisha oda zikakatika, Arsenale na viwanda vya meli vikapunguza watu, na mafundi waliojua chuma tu wakabaki mikono mitupu.

Serikali nayo ilikuwa na shida yake. Kusini palikuwa maskini kuliko kaskazini, na sheria namba 634 ya 1957 ilizitaka kampuni za umma ziweke kusini asilimia 60 ya mitaji yake mipya. Mwaka 1959 ikaamuliwa kwamba kituo cha nne cha chuma cha serikali kijengwe Taranto, penye kina cha maji, ardhi tambarare, mawe ya chokaa na watu wanaotafuta kazi. Mizeituni ikang'olewa. Jiwe la msingi liliwekwa 9 Julai 1960, kiwanda cha mabomba kikaanza 1961, tanuri la kwanza likawashwa 1964, na 10 Aprili 1965 Rais Giuseppe Saragat akazindua rasmi. Usiku wa Krismasi wa 1968 Papa Paulo wa VI aliadhimisha misa ndani ya kiwanda, mbele ya wafanyakazi. Kilikuwa fahari ya taifa, na anayesimulia leo kana kwamba mji ulibebeshwa kwa nguvu anasahau foleni za watu waliokuwa wakiomba kuandikishwa.

Muda si mrefu ikaamuliwa kiongezwe maradufu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kilikuwa na matanuri makubwa 5 na uwezo wa zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka, kwenye eneo la kama kilomita za mraba 15, kubwa kuliko mji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiliajiri watu zaidi ya 20,000 moja kwa moja, bila kuhesabu wa makandarasi. Wakazi wa mji walifika kama 244,000 mwaka 1981. Leo hawafiki 190,000.

Sasa, kwa nini upande ule? Wengi hudhani ni uzembe wa wapimaji. Ukitazama ramani utaona mantiki, na ni mantiki ya mkanda. Madini na makaa ya mawe hufika kwa meli, na kutoka gatini hubebwa na mikanda ya kusafirishia. Kila mita ya mkanda ni gharama, kwa hiyo uwanja wa malighafi husogezwa upande wa bandari. Baada ya uwanja hufuata matanuri ya koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, na mtambo wa kugandisha madini, halafu matanuri makubwa ya kuyeyushia madini, halafu karakana za feleji, na mwisho kabisa vinu vya kubana mabamba na kukunja mabomba, ambavyo ni safi kuliko vyote. Bandari na mji viko upande mmoja. Hivyo hatua chafu zote zikapakana na nyumba, na ile safi ikapelekwa mbali. Juu ya hayo, kiwanda kiko kaskazini magharibi mwa Tamburi, na huko ndiko unakotoka ule upepo mkavu, maestrale, ambao kila mtu Taranto huusubiri joto likizidi.

Utasikia pia kwamba watu ndio waliokifuata kiwanda. Ni nusu kweli. Tamburi palikuwa na watu kabla ya 1960. Lakini nyumba za umma ziliendelea kujengwa pale hata kiwanda kilipokuwa tayari kinafuka, na hapo mwenye kiwanda na mwenye kujenga nyumba walikuwa mtu mmoja: dola.

Twende kwenye uchafu wenyewe, hatua kwa hatua. Kupata tani 1 ya chuma cha tanuri huhitaji takriban tani 1.6 za madini na kilo 300 hadi 500 za koki, kutegemea kiasi cha makaa ya unga kinachopulizwa tanurini moja kwa moja. Tani 1 ya koki hutafuna tani 1.3 hadi 1.4 za makaa ya mawe. Zidisha kwa mamilioni ya tani kwa mwaka upate picha ya milima inayobebwa, kudondoshwa, kupepetwa na kudondoshwa tena.

Vumbi la uwanjani ni zito. Chembe zake nyingi ni kubwa, huanguka karibu, ndiyo maana limepaka kuta za Tamburi na makaburi ya San Brunone badala ya kusafiri. Dawa yake inajulikana: kulowesha, kunyunyiza gundi inayoganda juu ya rundo, kupunguza kimo cha kudondoshea, na mwisho kufunika. Ukishafunika, panapovuja zaidi ni pale mkanda mmoja unapomwagia mwingine. Mpira wa kuziba pembeni ukichakaa, au kipangusio kinachokwangua mkanda kikilegea, madini yaliyonata huendelea kudondoka njia nzima mkanda unaporudi mtupu chini. Rundo dogo hujijenga chini ya kila rola, upepo ukipita unachukua. Mtu akikuambia uwanja umefunikwa na kazi imekwisha, muulize mikanda ina urefu gani na inasafishwa mara ngapi.

Hatua ya pili ni mtambo wa kugandisha. Madini laini kama unga hayawezi kuingizwa tanurini, yangeziba njia ya hewa. Huchanganywa na koki laini na chokaa, hutandazwa juu ya wavu unaotembea, huwashwa kwa juu, na feni kubwa hufyonza hewa kwa chini mpaka mchanganyiko ushikane kama mkate ulioungua. Joto hufika kama nyuzi 1,300. Shida huja gesi inapopoa. Kati ya nyuzi 450 na 250 hivi, kaboni, klorini kidogo iliyomo kwenye malighafi na chembe za metali zinazochochea huzaa sumu iitwayo dioksini. Haina rangi wala harufu. Pale Taranto ilipandia dohani inayojulikana kwa namba yake, E312, yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Dohani ndefu hupunguza kipimo miguuni mwa kiwanda na kuupeleka uchafu mbali, mashambani. Huko kondoo hula majani, na dioksini ikishaingia kwenye mafuta ya mnyama haitoki kirahisi. Mwaka 2008 ilipatikana kwenye mifugo na maziwa yake, na kondoo na mbuzi zaidi ya 1,000 wakachinjwa na kuteketezwa. Mwaka 2010 mkoa wa Puglia ukapiga marufuku kulisha mifugo kwenye ardhi isiyolimwa ndani ya kilomita 20 kutoka eneo la viwanda.

Mkoa huohuo, Desemba 2008, ulitunga sheria ya dioksini yenye kikomo cha nanogramu 0.4 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila mita ya ujazo ya gesi. Kiwanda kilianza na urea, inayochanganywa na madini na kuzuia dioksini isiumbike. Ni njia rahisi na ya haraka, lakini hutoa amonia na chembe zinazonata, na haifiki mbali. Baadaye ukaongezwa unga wa kaboni unaopulizwa ndani ya gesi ili unase sumu, na mifuko ya kuchujia ikafuata kwa kuchelewa sana. Kaboni bila mifuko mizuri ni nusu ya kazi, maana unga wenyewe uliobeba sumu ukitoroka, umepaa na mzigo wake.

Hatua ya tatu, koki, ndiyo ningeihofu kuliko zote kama ningekuwa na mtoto Tamburi. Makaa ya mawe hufungiwa kwenye vyumba vyembamba, upana wa kama nusu mita na kimo cha mita kadhaa, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na kuokwa bila hewa kwa zaidi ya nyuzi 1,000, saa 16 hadi 20 au zaidi. Kila chumba kina mlango mbele na nyuma. Koki ikiiva, milango huvuliwa, mtambo husukuma ukuta mzima wa makaa mekundu uangukie kwenye behewa, na behewa hukimbizwa kwenye mnara wa maji kuzimwa. Sasa tazama kingo za mlango. Kila mara lami huganda kwenye fremu. Isipokwanguliwa kabla mlango haujarudishwa, mlango hauketi sawasawa, na moshi wa manjano uliochanganyika na kahawia hupenya pembeni kwa saa nzima au zaidi. Vivyo hivyo fremu iliyopinda kwa joto, au chumba kikijazwa haraka kuliko bomba la kufyonza linavyoweza kumeza. Moshi huo una benzini na jamii ya kemikali zinazosababisha saratani, ambazo kipimo chake ni benzo(a)pireni. Kikomo lengwa cha Ulaya ni nanogramu 1 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Tamburi walikizidi 2009 na 2010, na wakala wa mazingira wa mkoa, ARPA Puglia, ulionyesha kwamba karibu yote ilitoka kwenye matanuri ya koki. Hakuna godauni la madini linalogusa jambo hilo. Linaguswa na mtu mwenye kikwaruzo, milango mipya, na muda mrefu zaidi wa kuoka. Vyote hivyo vinapunguza uzalishaji, na hapo ndipo penye mvutano.

Matanuri makubwa yenyewe nitayasema kwa ufupi. Vumbi hutoka pale chuma kinapotolewa kwa mdomo wa chini, na kwenye karakana ya feleji, ambako oksijeni hupulizwa ndani ya chungu chenye zaidi ya tani 300 za chuma cha moto. Povu likifura kuliko kofia ya kufyonzea, wingu la rangi ya kutu hutokea paa la karakana. Wenyeji hulipiga picha sana kwa simu. Ni baya, lakini hudumu dakika chache, na anayelipiga picha huenda yuko chini ya upepo wa koki tangu asubuhi bila habari.

Kuna jambo moja Tamburi ambalo ningependa ulione ukirudi. Kati ya mtaa na kiwanda kuna vilima vya kutengenezwa, vimepandwa miti, vilivyowekwa miaka ya 1970 viwe ngao ya vumbi. Februari 2019 vilizuiwa na mamlaka kwa sababu ilibainika vimerundikwa taka za viwandani, na mwezi uliofuata shule mbili zilizo karibu navyo zikafungwa. Hata mwaka 2010 meya alikuwa amewakataza watoto kucheza kwenye viwanja vya udongo mtaani humo.

Madhara ya afya yaliandikwa rasmi 2012. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walikadiria vifo 386 vinavyotokana na moshi na vumbi la viwanda katika miaka 13, yaani kama 30 kwa mwaka. Tangu hapo kuna utaratibu wa siku za upepo. ARPA hutabiri siku ambazo upepo wa magharibi na kaskazini magharibi utavuma kwa nguvu kwa saa kadhaa. Kiwanda kinatakiwa kupunguza kazi ya koki na kuacha kuhamisha marundo. Wakazi huelekezwa kufungua madirisha mchana tu, kati ya saa 6 na saa 12 jioni, hewa inapochanganyika vizuri zaidi, na kutofanya mazoezi nje. Kuna miaka shule za Tamburi zilifungwa siku hizo. Ni utaratibu wenye akili kisayansi na wa aibu kibinadamu.

"Si wakifunge tu?" Wamejaribu. Tarehe 26 Julai 2012 jaji Patrizia Todisco aliamuru sehemu ya moto, yaani kuanzia uwanja wa malighafi hadi karakana za feleji, izuiwe. Kabla mwaka haujaisha serikali ikatoa amri ya kisheria, namba 207 ya 2012, ikikitangaza kiwanda kuwa cha maslahi ya taifa na kukiruhusu kiendelee huku kikirekebishwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ikaikubali amri hiyo, kwa hukumu namba 85, kwa sababu uendeshaji ulifungwa na masharti ya mazingira. Juni 2015 mfanyakazi aliungua na kufa chuma kiliporuka mdomoni mwa tanuri namba 2. Jaji akalizuia tanuri, serikali ikatoa amri nyingine ya kuliruhusu, na safari hii Mahakama ya Katiba ikaitengua, hukumu namba 58 ya 2018. Zisome hukumu hizo mbili pamoja: uchumi unaweza kupatanishwa na afya kama kuna masharti ya kweli, lakini hauwezi kuipuuza kabisa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Januari 2019 kwamba Italia haikuwalinda wakazi. Meya aliamuru sehemu ya moto izimwe mwaka 2020, Baraza la Dola, mahakama ya juu ya kesi za utawala, likafuta amri yake Juni 2021. Juni 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatamka kwamba panapokuwa na hatari kubwa kwa afya, kazi lazima isimamishwe.

Upande wa jinai, Mei 2021 watu wa familia ya Riva, waliokinunua kiwanda kutoka kwa serikali mwaka 1995, walihukumiwa vifungo vya miaka 22 na 20. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu kwa sababu za utaratibu na kesi ikapelekwa mji wa Potenza ianze upya, kwa hiyo usimwite mtu mwenye hatia. Umiliki nao umezunguka: wasimamizi wa serikali kuanzia 2013, kampuni ya ArcelorMittal kuanzia Novemba 2018, na Februari 2024 kikarudi mikononi mwa wasimamizi wa serikali. Uzalishaji wa 2024 ulikuwa karibu tani milioni 2 tu. Uchafu wa leo ni mdogo kuliko wa 2008 kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo. Kiwanda kinafanya kazi kidogo, si kwamba kimepona.

Kuna na ugumu wa kiufundi ambao wanasheria huusahau. Tanuri kubwa huwashwa mara moja na kufanya kazi mfululizo kwa miaka kumi au zaidi. Linaweza kufifishwa kwa majuma likiwa limejazwa koki nyingi na mianya ya hewa imezibwa, lakini likikaa sana chuma huganda kitakoni na itabidi livunjwe. Matanuri ya koki ni magumu zaidi: matofali yake ya silika yakipoa hunywea na kupasuka, na ukiyawasha tena yanavuja kuliko mwanzo. Kuyafifisha hovyo, kama amri za kusimama na kuendelea zilivyofanya mara nyingi, huongeza uvujaji wa milango ileile unayoilalamikia. Njia ya kweli ni kuyaacha kabisa na kwenda kwenye matanuri ya umeme, yanayolishwa vyuma chakavu na madini yaliyoondolewa oksijeni kwa gesi asilia. Hapo koki na mtambo wa kugandisha hutoweka vyote. Agosti 2025 serikali kuu, mkoa na mji walitia saini kuelekea huko. Vikwazo ni umeme mwingi wa bei nafuu, gesi ya kutosha, na ukweli usiosemwa kwenye mikutano ya hadhara kwamba tanuri la umeme linahitaji watu wachache sana kuliko koki na matanuri makubwa.

Kwa kazi yako gatini, mambo machache. Kamata mbili mbovu (yale makucha ya winchi yanayochota madini) hutoa vumbi zaidi ya kamata kumi nzima: ile isiyofunga meno vizuri, na ile inayofunguliwa juu sana ya faneli. Ukiona hivyo mwambie ofisa wa zamu amwambie msimamizi wa gati, ni haki yenu. Funga matundu ya hewa ya upande wa upepo kwenye makazi ya meli, vaa barakoa ya FFP2 au FFP3 na si kitambaa, na sitaha ifagiliwe ikiwa imeloweshwa, kamwe pakavu. Mabaki yakabidhiwe bandarini, kwa kuwa Mediterania ni eneo maalumu chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini. Na upepo ukigeuka ghafla ondokeni chini ya winchi bila kusubiri king'ora. Novemba 2012 na tena Julai 2019 winchi za magati ya kiwanda ziliangushwa baharini na dhoruba, na kila mara aliyekuwa kwenye kibanda cha juu alikufa.

Kome sasa. Taranto hufuga kome Mar Piccolo, wakining'inia kwenye kamba, na chini ya bahari hiyo kuna chemchemi za maji baridi yasiyo na chumvi, citri, zinazowapa ladha yao. Hori ya kwanza ndiyo iliyo karibu na Arsenale, na tope la sakafu yake limejaa PCB (kemikali za sumu za viwandani) na metali nzito. Sehemu kubwa ya hizo ni urithi wa karakana ya jeshi, kwa hiyo kiwanda cha chuma kisibebeshwe peke yake. Kiwanda nacho hufyonza humo maji ya kupozea mitambo, na maji hayo huenda kumwagwa Mar Grande. Mwaka 2011 vipimo vya dioksini na PCB kwenye kome wa hori ya kwanza vilizidi kikomo, na tangu hapo hawaruhusiwi kukomazwa humo kwa kuuzwa. Wachanga hulelewa pale miezi ya baridi, kisha huhamishwa kabla ya joto, kwa sababu vipimo hupanda wakati wa kiangazi. Kuwahamisha ni gharama kubwa kwa wafugaji, na hapo ndipo udanganyifu huingia.

Elewa kwamba vituo vya kusafishia kome huondoa bakteria tu. Dioksini na PCB hukaa kwenye mafuta ya kome, haziondolewi kwa maji safi, kwa ndimu wala kwa kuchemsha. Kinga pekee ni kujua alikokulia. Nunua wale walio ndani ya wavu uliofungwa, wenye lebo ya afya inayoonyesha kituo, eneo na tarehe. Hao hupimwa, na wanalika. Wanaouzwa kwenye beseni pembezoni mwa barabara, wamekwisha menywa na bila lebo, waache hata bei ikiwa nusu, na hasa Julai na Agosti, ambapo maji ya Mar Piccolo yakipata joto kupita kiasi kome hufa kambani na wengine huokotwa wakiwa wamekwisha kufunguka.